Shamba la Kuku Lililobweka

Kila mkubwa aliyekwenda kukagua shamba la kuku la Bwana Adamu pale Ukwajuni aliingia na kalamu akatoka na trei ya mayai. Mtendaji wa kijiji alitoka na trei. Afande wa kituo alitoka na trei, tena akarudi kuulizia kama kuna ya kienyeji. Yule bwana kutoka wilayani, aliyekuja na viatu vilivyochongoka kama mdomo wa samaki chuchunge, alipakiwa trei mbili na jogoo aliyefungwa miguu. Na wote, wakishayaweka mayai yao vizuri yasije yakapasuka njiani, walimgeukia Mzee Shuaibu na kumwambia maneno yaleyale: "Mzee, tumekagua. Humu mna kuku tu."

Shuaibu hakuwa mwehu. Shule aliiacha darasa la nne, lakini kuku na mbwa hawahitaji cheti kuwatofautisha. Ukuta ule ulikuwa ukibweka. Na kati ya sauti zote zilizobweka mle ndani, moja ilikuwa ya nyumbani kwake.

Mbwa mwenyewe, jike, alikuwa wa marehemu mkewe. Arafa alimwokota angali mchanga kwenye mtaro wa barabara ya lami, kalowa, kajikunyata, akamfunga kwenye ukingo wa kanga yake kuukuu na kumleta shambani kwenye mananasi. Wakati huo nguruwe pori walikuwa wamewamaliza. Unalala una shamba, unaamka una mashimo. Kijiji kikapata la kuzungumza. Mwanamke wa Kiislamu, mume wake ana kofia ya vito, leo wanafuga mbwa! Shehe mwenyewe alisema mbwa wa kulinda mazao hana neno, mradi alale nje na chombo chake kiwe mbali. Haikusaidia. Jirani yao Mwanvita ndiye aliyesema kuliko wote, akisimama uani mikono kiunoni ili asikike hadi barabarani.

Arafa alikuwa mtu wa kujibu kwa kanga. Safari hii hakununua kanga, alimpa mbwa jina: Watasema. Basi kila jioni sauti yake ilipita juu ya ua. "Watasemaaa! Watasema, njoo ule!" Na waliokuwa wakisema walijua wanaambiwa wao.

Mbwa yule alikuwa na tabia moja. Adhana ikianza kwenye kipaza sauti cha msikiti, alikuwa akiinua pua juu na kuvuta sauti nyembamba, ndefu, inayokatika mwishoni kama mtu aliyekabwa na kwikwi. Mwanvita alikuwa akiziba masikio. Arafa alikuwa akicheka. "Mwenzenu anaitikia," akasema, "nyie mnalala."

Kisha Arafa akafa. Tumbo lilimshika alfajiri, na gari la wagonjwa la kata siku ile lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wa mheshimiwa. Shuaibu alimpakia mkewe kwenye bajaji na kumshikilia kiuno njia nzima. Daktari alisema mngewahi kidogo. Wangewahi! Mtendaji alikuja mazikoni na suti, akashika mkono, akasema serikali iko pamoja nawe. Shuaibu tangu siku hiyo kila akisikia serikali iko pamoja na mtu, alikuwa akimwombea mtu huyo.

Nyumbani akabaki yeye na Watasema. Na mbwa alikuwa na jambo jingine ambalo Shuaibu hakumwambia mtu. Ukitaja jina la Arafa, hata kwa sauti ya chini, hata katikati ya maneno mengine, masikio yalimsimama akageukia njia ya kisimani, kule alikozoea kumwona bibi yake akija. Watoto wao walikuwa wameolewa na kuajiriwa mbali. Jina la mama yao lilikuwa limeanza kuzoeleka vinywani mwao kuwa la marehemu. Kwa mbwa Arafa alikuwa bado yuko njiani.

Siku moja Shuaibu alipeleka mananasi Bagamoyo sokoni. Aliporudi alikuta kamba imekatwa kwa kisu.

"Mbwa tu, Mzee Shuaibu," watu walimwambia. "Utapata mwingine."

Alimtafuta hadi Mlingotini, hadi Mbegani, akiita jina lile barabarani na watu wakimcheka. Hakumpata. Hadi alipokwenda kwa Bwana Adamu kununua samadi ya kuku. Amesimama nje ya geti, gunia begani, adhuhuri ikaadhiniwa. Nyuma ya ukuta ule mrefu wenye chupa zilizovunjwa juu yake, sauti nyembamba ikapanda, ikavutika, ikakatika kwa kwikwi. Nyingine zikaifuata, nyingi mno, kama kilio cha msiba. Gunia likamdondoka.

Ndipo alipoanza kuwaona wakubwa.

Mtendaji alimwambia mbwa si mifugo. Kituoni walimuuliza, "Amekung'ata?" Akasema hapana. "Basi subiri akung'ate." Wilayani walimwambia aandike barua, akaandikiwa barua na mwanafunzi anayeuza dukani, wakamwambia barua haina muhuri wa Mtendaji, Mtendaji akasema muhuri umekauka wino. Walipokuja kukagua mara ya kwanza, lori aina ya kenta lilikuwa limetoka kwenye geti alfajiri likiwa limefunikwa turubai. Ndani wakakuta kuku. Mara ya pili vilevile: kenta, turubai, kuku, mayai. Nani alikuwa akimtonya Bwana Adamu, hata kuku walijua.

"Sikiliza, mzee," Mtendaji alimwambia baada ya mara ya pili, mbele za watu. "Tunakuvumilia kwa sababu ya huzuni yako. Bwana Adamu ni mwekezaji. Viti vya ofisi ya kijiji ametoa yeye. Ukija tena na hadithi za mbwa, nitakuweka ndani kwa kumsumbua mwekezaji. Nenda kaoe, bwana!"

Watu wakacheka. Shuaibu aliondoka akitazama chini. Mwekezaji! Neno hilo siku hizi mtu akilivaa anapita popote, kama zamani walivyovaa hirizi.

Msaada ulikuja kwa pikipiki. Ofisa mifugo mpya wa kata, binti wa mjini Bagamoyo aitwaye Adila, aliingia uani kwa Shuaibu amevaa mtandio na mabuti ya mpira.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuniambia mle mna kuku tu, geuza pikipiki."

Adila akacheka. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi bila kuombwa. Alimweleza kwamba tajiri mmoja anayejenga Kiromo alimletea kitoto cha mbwa kinachoharisha damu, kilichouzwa kwenye simu kuwa cha Kijerumani halisi. Kilimfia mikononi. Wiki ileile akaletewa kingine kutoka Kerege, na kingine.

"Wote wamenunuliwa kwa Adamu," akasema. "Kila anayejenga ukuta huku anataka mbwa, baba. Yeye ana dume moja la kizungu. Anakusanya majike wa kienyeji, wengine wa wizi, anawapandisha mfululizo bila kupumzika hadi wanakauka. Watoto anawaondoa kabla hawajaacha ziwa. Sheria ya ustawi wa wanyama ipo, inamkataza. Tatizo langu ni kuingia. Utaratibu unasema nikienda kukagua lazima nimwarifu Mtendaji kwanza, niende naye pamoja na askari."

"Na Mtendaji atamwarifu mwenzake."

"Najua. Nimelia ofisini hadi nimechoka. Wanasema itifaki."

Shuaibu alichora chini kwa kijiti. Alikuwa akimfikiria mtu mmoja: Mwinshehe, Mkwere wa Lugoba, mfanyakazi wa Bwana Adamu. Mtu mzima, mpole, mwenye watoto huko kwao. Kila Ijumaa alikuja msikitini akichelewa, akasimama safu ya mwisho, mikono imelowa hadi viwikoni na kucha zina udongo mwekundu. Shuaibu alikuwa ameona kucha zile miezi mingi na kudhani mtu huyu analima. Sasa akajiuliza, analima wapi, na jembe lake nani amepata kuliona? Mate ya mbwa yakikugusa, kila mtoto wa madrasa anajua: unaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo, ndipo sala yako isimame. Kuku hawamtumi mtu kwenye udongo.

"Mwarifu Mtendaji," akasema ghafla.

"Baba?"

"Mwarifu kwa heshima zote. Mwambie Ijumaa, saa tano. Watawatoa mbwa, waache wawatoe. Mbwa unaweza kuwaficha. Waliowabeba huwezi kuwaficha siku ya Ijumaa. Na ukiniona nazungumza sana siku hiyo, mwanangu, usininyamazishe."

Ijumaa ilipofika Shuaibu alivaa kanzu yake nyeupe, ile aliyokuwa akiivaa enzi za uhai wa Arafa, akaweka kofia, akaenda kusimama getini. Mtendaji alikuwa ameshafika na Afande Abdulazizi wa kituo. Adila akaja na pikipiki yake. Bwana Adamu mwenyewe alifungua geti, mtu mnene mwenye harufu ya marashi, anacheka na kila mtu.

"Karibuni, karibuni! Mzee Shuaibu, karibu kwa mara ya tatu. Nikupe kabisa ufunguo?"

"Ufunguo wa nini," akadakia Mtendaji, "mzee huyu analala mahabusu leo."

Wakakagua. Banda la kwanza kuku, la pili kuku. La tatu lilikuwa tupu, limeoshwa kwa dawa hadi macho yanawasha, sakafu bado inachuruzika maji.

"Hapa palikuwa na nini?" Adila akauliza.

"Kuku, dada yangu. Tumewauza, tunapulizia dawa tuingize wengine."

Adila akainama, akatazama pembe zote. Hakuna unyoya, hakuna nywele. Walikuwa wameosha kweli. Mtendaji akatazama saa yake kwa fahari. Trei tayari zilikuwa zimepangwa kivulini, moja, mbili, tatu.

Basi Shuaibu akaanza kuzungumza.

"Bwana Adamu, hawa kuku wako wanataga kila siku au wanapumzika?"

"Kila siku, mzee."

"Na huyu mweusi, mbona hana mkia?"

"Wenzake wamemnyonyoa."

"Kwa nini wamnyonyoe? Ana makosa gani? Afande, hili umeliandika?"

Afande Abdulazizi akajikuta anatabasamu. Shuaibu akarudi banda la kwanza. Akauliza pumba inatoka wapi. Akauliza jogoo yupi ni baba wa yupi. Akataka kujua kama kuku wa kisasa anaota ndoto. Bwana Adamu akaanza kujifuta jasho, Mtendaji akapandisha sauti.

"Mzee, sisi ni watu wa kazi! Hiki ni kikao cha kuku?"

"Si mlisema humu mna kuku tu? Basi tuzungumze kuku."

Ndipo kipaza sauti cha msikiti kikakohoa, na adhana ya kwanza ya Ijumaa ikatoka.

Shuaibu aligeuza sikio mabandani. Bila kutaka, alikuwa akisubiri ile sauti nyembamba. Muadhini alimaliza neno la kwanza, la pili, akaendelea hadi mwisho, na ndani ya ukuta ule hakuna kilichojibu isipokuwa kuku. Labda wamempeleka mbali. Labda amekwisha kufa, na yeye yuko hapa anachekesha watu na kuku asiye na mkia.

"Haya," Mtendaji akasema, akinyanyua trei yake. "Sala imeita. Tumekagua. Humu mna kuku..."

Hakumalizia, kwa sababu Afande alikuwa hamsikilizi. Alikuwa akitazama bombani.

Mwinshehe alikuwa ametokea nyuma ya mabanda, amevua shati. Kando ya bomba palikuwa na karai la udongo mwekundu uliochekechwa, msafi, umewekwa pale kama watu wengine wanavyoweka sabuni. Akachota, akajipaka kuanzia vidole hadi juu ya viwiko, kisha shingoni, kisha shavu moja. Akafungulia maji. Akaosha. Akaosha tena, na tena, midomo ikihesabu. Alikuwa ameifanya kazi hii kila siku kwa muda mrefu hata hakukumbuka kwamba kuna macho. Nyuma yake mwenzake wa pili akaja, akaingiza mikono kwenye karai lilelile.

Pale hapakuwa na mtu asiyejua anachokiona. Hata Mtendaji alijua.

"Bwana," Afande Abdulazizi akaita polepole, "umegusa nini wewe?"

Mwinshehe akageuka. Maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni, mekundu. Akamtazama Afande, akamtazama bosi wake.

"Amegusa taka!" Bwana Adamu akapaza sauti. "Mwinshehe, mwambie. Ulishika taka, si ndiyo? Hawa watu wa bara wana mambo yao, Afande, kila kitu udongo..."

"Bara gani? Lugoba?" Shuaibu akasema. "Lugoba hapo!" Kisha akamsogelea Mwinshehe, si kwa ukali. "Mdogo wangu, mimi sikuulizi habari za mbwa. Wewe na mimi tunakwenda msikiti mmoja. Nakuuliza hii tahara unayoifanya ni ya nini. Kama ni ya taka, mara moja inatosha, vaa shati twende."

Mwinshehe akafunga bomba. Uso wake ulikuwa nusu safi nusu udongo.

"Mzee Shuaibu," akasema, "mimi nimesema kuku, kuku, hadi ulimi umeota manyoya. Nina watoto, nilisema. Lakini siwezi kusimama mbele ya Mola wangu na mate ya mbwa nikasema ni taka. Asubuhi hii wamenilamba mwili mzima nikiwapakia. Hata wakiteswa wanalamba, hawana akili wale." Akafuta uso kwa kiganja. "Wako kwenye ghala la zamani la chumvi, kule mikokoni. Kenta imefungwa na turubai limekazwa. Na jua hili... Twendeni, jamani. Leo ni wengi kuliko siku zote."

Trei ya Mtendaji ikaanguka. Mayai yakapasuka yote, ute ukaingia ndani ya viatu vyake.

"Tutakwenda baada ya sala," akasema haraka. "Ijumaa ni faradhi, tusije tukapata dhambi."

"Kwangu mwanamke Ijumaa si faradhi," Adila akasema, ameshapanda pikipiki. "Baba, panda."

Shuaibu hakuwa amekosa Ijumaa tangu ujana wake, hata ile iliyofuata mazishi. Alitazama upande wa msikiti, akaomba radhi moyoni, akakunja kanzu yake hadi magotini na kupanda. Mwinshehe akaruka kwenye bodaboda ya nje ya geti. Afande Abdulazizi alisimama kidogo kati ya msikiti na pikipiki, kisha akamshika Bwana Adamu mkono wa shati. "Wewe twende wote. Ufunguo wa kenta unao." Mtendaji peke yake ndiye aliyekwenda msikitini, na waliokuwepo wanasema alisali siku hiyo kuliko shehe, akarefusha sijida mpaka watu wakadhani amezimia.

Ghala lilikuwa halina mlango upande mmoja, lakini kenta ilikuwa imeegeshwa nje, juani, kwa sababu ilikuwa ndefu haikuingia. Turubai lilikuwa likipumua. Mwinshehe alikata kamba kwa panga, harufu ikawapiga wote wakarudi nyuma.

Vizimba vya waya wa kuku vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ndani majike wakiwa wamelaliana, ndimi nje, matiti yameburuta hadi yamechubuka, vitoto vikihangaika chini yao kutafuta ziwa ambalo halikuwa na kitu. Hakuna aliyebweka. Hilo ndilo lililomuumiza Shuaibu, wingi ule wote na kimya kile. Adila alikuwa akilia na kufanya kazi kwa pamoja, akifungua milango na kuagiza maji. Afande akavua kofia yake ya kazi, akaijaza maji ya dumu na kuishika mbele ya jike mmoja anywe. Alipoona anatazamwa akasema, "Nitaosha. Udongo si upo?"

Shuaibu alipita kizimba hadi kizimba. Walikuwa wote wamefanana kwa kukonda. Aliita, "Watasema!" Hakuna kilichoinuka. Aliita tena. Akafika kizimba cha mwisho kabisa, chini, nyuma ya gurudumu. Mbwa wa rangi ya mchanga alikuwa amelala ubavu, mbavu zote unazihesabu, sikio moja limeliwa na kidonda. Hakujua kama ndiye. Hakuweza kujua. Akachuchumaa, kanzu nyeupe ikaingia kwenye uchafu, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza mwenyewe:

"Arafa alikuwa akikutafuta."

Masikio yakasimama, na lile la kidonda pia. Kichwa kikainuka taratibu, kikageuka si kwake bali nyuma yake, kwenye njia, kutazama nani anakuja.

Shuaibu aliung'oa ule waya kwa mikono. Alimtoa, akamkumbatia kifuani na vitoto vyake viwili, na mbwa akamlamba uso, ndevu, kofia, machozi. "Nilambe," akasema. "Nilambe, mama, bahari yote ile, udongo wote huu, nitaoga."

Walipotazama nyuma, watu walikuwa wakija. Msikiti ulikuwa umetoka, habari zilikuwa zimetangulia. Kanzu zilijaa njia ya mikoko, na nyuma yake kanga za wanawake. Walifika hatua chache wakasimama. Hakuna aliyetaka kuguswa. Mbwa ni mbwa. Wakabaki wamejipanga kama watu kwenye ukingo wa maji ya baridi.

Mwanvita ndiye aliyevunja safu. Alifunga kanga yake kiunoni, akapita katikati ya wanaume.

"Shemeji, ndiye yeye?"

"Ndiye yeye."

"Mbona amekonda hivi! Amekuwa kama mshale." Akawageukia wanaume. "Nyie mmesimama kama mnapigwa picha! Kina nani wanaowaogopa mbwa na udongo umejaa dunia nzima? Leteni ndoo! Na udongo msafi, si huo wa mikokoni unaonuka!"

Hapo ndipo kijiji kilipoingia kazini. Walibeba mbwa mmoja mmoja hadi kivulini, wengine kwa kanga, wengine kwa makoti ya harusi. Shehe mwenyewe alishika ndoo. Na jioni ile pale bomba la kijiji palikuwa na foleni ambayo Ukwajuni haijapata kuiona hata wakati wa ukame: wazee, akina mama, bodaboda, Afande, kila mtu amepakwa udongo mwekundu hadi mabegani, wanahesabu kwa sauti moja, wanabishana nani amefika sita na nani anadanganya, wanacheka kama watoto wa jando. Adila aliosha mara saba akaenda kumshika mbwa mwingine, akarudi kuanza moja.

Bwana Adamu alilala kituoni na bado anakwenda mahakamani. Wakili wake kila tarehe anaomba muda kwa Kiingereza. Shamba limefungwa kwa mnyororo, na safari hii mnyororo una lakiri. Mtendaji hakufukuzwa. Wakubwa hawafukuzwi, wanahamishwa. Amepelekwa kijiji cha mbali huko, Mungu awasaidie, na viti vyake. Wilayani walisema hawana bajeti ya kutunza mbwa. Shuaibu alicheka alipoambiwa. Siku hiyohiyo wakulima wa mananasi walikuwa wameshakuja, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu, wakiulizia kama kuna anayeweza kufukuza nguruwe. Majike wengine wote waliondoka, na vitoto vilipokuwa vikubwa vikaondoka pia. Mwinshehe alichukua mmoja kwenda naye Lugoba. Mwanvita alichukua kimoja cha Watasema, eti cha kulinda migomba yake mitatu. Amekipa jina Tumesema.

Watasema alikaa wiki nyingi akila tu, usiku halali, hatoki kibandani mchana, akisikia gari linapita anatetemeka. Adhana zilikuja zikaondoka, asiinue hata pua. Shuaibu hakumlazimisha. Alikuwa akikaa karibu naye akimenya mihogo, akimtajia lile jina mara mojamoja, na masikio yakisimama anaendelea kumenya.

Kisha alasiri moja, muadhini alipoanza, mbwa akainuka. Akatoka uani, akajinyoosha miguu ya mbele, akainua pua. Sauti ikatoka nyembamba, ikavutika juu ya mananasi, ikakatika kwa kwikwi.

Ng'ambo ya ua Mwanvita alikuwa akitwanga. Mchi ukasimama.

"Shemeji!" akaita.

"Naam?"

"Mwache aitikie."

Shuaibu alikuwa amesimama kwenye njia ya kisimani, kisu mkononi na mhogo nusu umemenywa, anamtazama mbwa wa mkewe hadi muadhini alipomaliza. Kisha akaenda kutafuta udongo.